Kaka alikufa na ganzi ile ile mikononi. Nipime au ninyamaze?

Dada Mshauri,

Pokea salamu zangu. Mimi ni mwanaume wa miaka 64, fundi cherehani tangu nikiwa kijana wa miaka 19. Barua hii nimeiandika na kuichana mara mbili, hii ni ya tatu, kwa hiyo nisamehe maneno yakirukaruka.

Nianze na mikono, maana ndiko daktari alikoanzia. Miaka kama minane iliyopita vidole vilianza kufa ganzi usiku. Naamka saa nane, mikono si yangu, naining'iniza nje ya kitanda na kuikung'uta mpaka ihisi tena. Baadaye nikawa nashindwa kutunga uzi kwenye sindano. Kidole gumba na cha shahada vinakutana lakini sijui kama vimeshika kitu. Nikaambiwa mshipa wa fahamu umebanwa kwenye kifundo cha mkono. Nikapasuliwa mkono wa kulia, mwaka uliofuata wa kushoto. Wakasema ni cherehani, nami nikakubali. Nani angebisha?

Miaka mitatu iliyopita nilikuwa nanyanyua jora la kitambaa, tena si zito, nikasikia kitu kinakatika karibu na bega. Msuli wa mkono ukajikunja ukawa kama yai juu ya kiwiko, na hadi leo uko hivyo. Watu wakasema ni uzee. Nikacheka nao.

Presha ninayo kwa miaka 15. Daktari wangu ni mzee mwenzangu, amenitibu muda wote huo, na mama yangu alipofariki alisimama nasi makaburini. Miaka miwili iliyopita nikawa nikisimama tu kichwa kinazunguka. Akapima, akasema presha imeshuka, akanipunguzia kidonge kimoja, baadaye na cha pili. Nilifurahi, nikamwambia mke wangu presha imepona yenyewe. Lakini pumzi nayo ikaanza kunikimbia. Karakana yangu iko ghorofani, ngazi zina vidato 14. Zamani nilizipanda na majora begani. Siku hizi nikifika kidato cha tisa nasimama, najifanya natafuta funguo mfukoni ili wanaonipita wasijue. Usiku nalalia mito mitatu. Jioni nikivua soksi zinaacha mfereji mguuni. Mzee akasema ni umri na presha ya siku nyingi, akanipa vidonge vya kukojosha maji. Vilinisaidia kidogo.

Mwezi uliopita mzee alikuwa safarini, nikahudumiwa na daktari kijana, binti wa umri wa mwanangu. Aliweka mezani karatasi ya umeme wa moyo, kando yake picha ya eko, ile ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, akazitazama kimya kwa muda mrefu. Kisha hakuniuliza habari za moyo. Aliniuliza, "Baba, mikono yako imewahi kufa ganzi?" Nikamwonyesha makovu. Akauliza, "Yote miwili?" Nikamwambia yote miwili. Akavuta kiti akakaa karibu.

Alinieleza kwamba picha inaonyesha kuta za moyo wangu ni nene, na moyo ulionenepa kwa presha kwa kawaida huchora milima mirefu kwenye karatasi. Wa kwangu umechora vichuguu. Akasema ni moyo mkubwa unaonong'ona. Akataja ugonjwa unaoitwa amiloidosisi, akaniandikia vipimo vya damu na mkojo, na skani ya mifupa. Nilishangaa, mifupa ya nini na mimi naumwa moyo? Akaongeza kwamba ikithibitika kuna kipimo cha jeni, kwa sababu aina nyingine ya ugonjwa huo hurithiwa.

Neno hilo la kurithi ndilo lililoninyima usingizi. Kaka yangu mkubwa alifariki miaka minne iliyopita akiwa na miaka 66. Alikuwa mwalimu wa hesabu. Alivimba miguu, pumzi ikamwishia, wakaandika moyo umeshindwa kufanya kazi. Na yeye alipasuliwa mikono yote miwili.

Nilimweleza dada yetu mkubwa peke yake. Akanisikiliza hadi mwisho, akasema, "Kuna mambo mtu huzikwa nayo." Binti yangu wa miaka 33 yuko kwenye mipango ya ndoa, na mdogo wake ana 28. Marehemu kaka ameacha watoto watatu. Dada anasema nikipima nikakutwa nao nitakuwa nimewatia doa watoto wote watano, na ugonjwa wenyewe hauna dawa. Mke wangu sijamwambia, sitaki kumtia hofu. Na yule mzee nitamwambiaje, kwamba nimemwamini binti wa juzi kuliko yeye wa miaka 15?

Ningenyamaza, dada. Lakini juma lililopita tulikutana kifamilia. Mtoto wa kwanza wa marehemu, ana miaka 44, alikaa mbele yangu. Katikati ya maongezi akanyoosha mkono wa kulia akaukung'uta mara tatu, kama mtu anayekung'uta maji. Akaona namtazama, akatabasamu. "Ganzi tu, baba mdogo." Na mimi nikatabasamu.

Karatasi za vipimo ziko kwenye droo ya cherehani, chini ya kopo la vifungo. Nifanye nini?

Fundi

*

Kaka yangu Fundi,

Asante kwa kutoichana barua ya tatu. Mara ya kwanza kuisoma nilikwama pale kidato cha tisa, unapojifanya unatafuta funguo. Nimewaza ni watu wangapi wamesimama hivyo kwenye ngazi, mkono mfukoni, wakisubiri pumzi irudi kabla hajatokea mtu wa kuwauliza kulikoni.

Kama nimekuelewa, unaumwa kwa miaka kadhaa, na kwa mara ya kwanza kuna mtu ameshika ncha ya uzi. Unaogopa auvute, kwa sababu unahisi mwisho wa uzi ule wamefungwa watoto watano. Kuna dada unayemheshimu anayekuambia uuache. Kuna mzee daktari usiyetaka kumvunjia heshima, na mke unayetaka kumkinga. Halafu kuna mkono mmoja uliokung'utwa mara tatu, na hapo ndipo ukimya uliokuwa umeuchagua ulipokushinda.

Mimi si daktari, na siwezi kukuambia una ugonjwa gani. Ila kabla ya kukujibu nimesoma na kuuliza, na kuna jambo ndani ya barua yako mwenyewe ambalo sijui kama uliliona ulipokuwa unaliandika. Uliambiwa ganzi ya mikono ni ya cherehani, ukakubali, maana cherehani kweli ipo. Kaka yako alikuwa mwalimu wa hesabu. Yeye alishona nini?

Simaanishi kwamba waliokupasua walikosea. Mshipa kubanwa kwenye kifundo cha mkono ni jambo la kawaida sana, na wengi wanaofanyiwa upasuaji ule hawana ugonjwa wowote wa moyo. Lakini yule binti hakuuliza swali lake kwa kubahatisha. Kuna protini inayotengenezwa na ini, inaitwa transithairetini, kazi yake ni kusafirisha homoni ya tezi na vitamini A katika damu. Kwa baadhi ya watu protini hiyo huachana vipande, vikajikunja vibaya na kuwa nyuzinyuzi zisizoyeyuka. Wewe ni fundi, unajua uzi uliojisokota unavyokuwa: haufunguki wala haukatiki, na kila unaopita juu yake unanaswa. Nyuzi hizi hupenda kujikusanya kwenye kifundo cha mkono, kwenye kano za misuli, na katikati ya nyama ya moyo. Mikono inaweza kutangulia moyo kwa miaka 5 hadi 10. Ule msuli uliojikunja kama yai baada ya kunyanyua kitu chepesi nao madaktari wameuona mara nyingi kwa wagonjwa hawa.

Ndiyo maana alishangazwa na karatasi zile mbili. Ukuta wa moyo wako unaonekana mnene kwenye picha. Kama unene ule ungekuwa wa misuli iliyojengwa na presha, umeme wake ungekuwa mkubwa. Unene wa nyuzi hauna umeme. Na ile presha uliyodhani imepona yenyewe, kaka yangu, naomba uitazame upya. Mtu aliyekuwa na presha miaka mingi halafu ikaanza kushuka bila sababu, huku pumzi ikipungua, pengine moyo wake ndio unaopungukiwa na nguvu ya kuisukuma damu. Ulifurahi, na mtu yeyote angefurahi. Nadhani hata mzee wako alifurahi.

Umeniuliza mifupa inahusika vipi. Kuna dawa yenye mionzi hafifu inayochomwa kwenye mshipa, imetumika kwa miaka mingi kutazama mifupa. Ikagundulika kwamba dawa hiyo hung'ang'ania pia nyuzi za transithairetini. Kwa hiyo mgonjwa anapopigwa picha, moyo ambao haukupaswa kuonekana unang'aa kifuani pamoja na mbavu, au kuzishinda. Tangu mwaka 2016 imekubalika kwamba skani ikionyesha hivyo waziwazi, na vipimo vya damu na mkojo vikiwa safi, ugonjwa unaweza kuthibitishwa bila kukata kinofu cha moyo. Zamani ilibidi kukikata. Watu wengi walikataa, au walikuwa dhaifu mno, wakafa bila jina la ugonjwa wao kujulikana. Siwezi kusema kaka yako alikuwa mmoja wao. Wala siwezi kusema hakuwa.

Hapo kwenye damu na mkojo nataka tutulie, kwa sababu barua yako imevitaja haraka kana kwamba ni vya kupitia tu. Amiloidosisi si ugonjwa mmoja. Ipo inayotokana na uzee wenyewe, ambapo jeni ni nzima kabisa na hakuna wa kurithi chochote. Ipo ya jeni. Na ipo ya tatu, isiyohusiana na transithairetini hata kidogo, inayotoka kwenye chembe za uboho zinazomwaga protini nyingine kwenye damu. Hii ya tatu haingoji. Inaweza kumaliza moyo kwa miezi, na tiba yake ni dawa za kushambulia zile chembe, dawa za jamii ya zile za saratani, ambazo hufaa zaidi zikianza mapema. Vipimo vya damu na mkojo alivyokuandikia vinaitafuta hiyo. Skani peke yake inaweza kudanganya, kwa kuwa wakati mwingine hata aina hii huufanya moyo ung'ae.

Kwa hiyo unaona ugumu ninaoupata na ushauri wa dada yako. Yeye anazungumzia doa la familia. Karatasi zilizo chini ya vifungo zinazungumzia kwanza wewe, na aina mojawapo inayotafutwa haina uhusiano wowote na watoto. Huenda mnaogopa mti ambao haujaota. Na inawezekana pia vipimo vyote vikarudi safi, ikawa ni presha ya siku nyingi kama mzee alivyosema. Hilo nalo ungelijua.

Nafikiri umefunga mambo matatu kwenye fundo moja: kujua unachoumwa, kupima jeni, na kuwaambia watu. Kwenye barua yako yanakuja kama jambo moja, ukigusa la kwanza umegusa yote. Hebu yafungue. Damu, mkojo na skani havisemi lolote kuhusu watoto wako. Kipimo cha jeni ni hatua nyingine, siku nyingine, kwa ridhaa nyingine. Na kuwaambia watu, nani na lini, unaamua wewe, hata baada ya majibu yote kuwa mkononi. Kati ya haya matatu, moja tu lina saa inayokimbia.

Ukiamua kungoja, hatari nimekwishaitaja. Ukiamua kupima, nako kuna uzito wake. Majibu yanaweza kuchukua muda na kukuacha ukining'inia. Skani nyingine hutoka zikiwa si ndiyo wala si hapana, na hapo kinofu cha nyama huhitajika. Na majibu ukishayasikia huwezi kuyarudisha. Wapo watu wanaojua tabia zao, wanajua kwamba jina la ugonjwa lingewalaza kitandani kabla ya ugonjwa wenyewe. Je, wewe ni mmoja wao? Ulivyoandika, naona kutojua ndiko kunakokulaza macho. Lakini wewe ndiwe unayelala kwenye kitanda hicho.

Sasa hilo la kwamba hauna dawa. Dada yako hakulitunga, kwa miaka mingi lilikuwa kweli. Madaktari wameijua hali hii tangu zamani. Jina lake, lenye maana ya kitu kama wanga, lilitolewa na daktari Mjerumani Rudolf Virchow mwaka 1854, kwa sababu vitu vile vilibadilika rangi kwa madini ya joto kama wanga unavyobadilika, akadhani ni wanga. Haukuwa wanga, jina likabaki. Dawa ya kwanza ya kuizuia transithairetini isiachane ndani ya moyo, tafamidisi, iliidhinishwa Japani na Marekani mwaka 2019 tu. Nyingine zimeifuata. Haziondoi nyuzi zilizokwisha kukaa. Hupunguza kasi ya ugonjwa, na walioanza mapema ndio wanaofaidika zaidi. Ni ghali mno na hazifiki kila mahali, sitakuficha hilo.

Hata pale dawa hiyo isipopatikana, jina la ugonjwa linabadilisha matibabu mengine. Baadhi ya dawa za presha na za kupunguza mapigo, ambazo kwa moyo mwingine ni msaada, kwa moyo wa namna hii zinaweza kuuzidishia udhaifu. Mapigo yakianza kwenda ovyo, damu huweza kuganda ndani ya moyo na kuleta kiharusi, na daktari anayejua anashughulika na nini atalitafuta hilo mapema. Tafadhali usisome haya ukaenda kuacha kidonge chochote mwenyewe. Yapeleke kama maswali.

Kuhusu mzee wako. Nimekuwa nikipokea barua za watu wenye hasira kwa madaktari waliowaambia "ni umri", na nyingine hasira yake ninaielewa. Wapo wenye ugonjwa mwingine, presha ya mishipa ya mapafu, waliotibiwa pumu mwaka baada ya mwaka. Takwimu za Ufaransa zilizochapishwa mwaka 2006 zilionyesha kwamba kwao ilichukua wastani wa miezi 27 tangu dalili ya kwanza hadi ugonjwa kutambuliwa. Kwa amiloidosisi ya moyo, utafiti wa Uingereza wa mwaka 2019 uliona kwamba nusu ya wagonjwa walikuwa wamehudumiwa hospitalini mara 17 au zaidi katika miaka 3 kabla ya kutambuliwa. Mara 17! Wale hawakuwa wameachwa bila daktari. Walikuwa na madaktari wengi, kila mmoja ameshika kipande chake. Aliyepasua mikono yako hakuuona moyo. Aliyeuona moyo hakuuliza habari za bega. Na mzee, aliyekuona kila mara, amekuzoea, na mtu uliyemzoea anazeeka mbele yako taratibu mno usimwone.

Unasema utakuwa umemwamini binti kuliko yeye. Lakini binti alisoma faili lililoandikwa na nani? Presha ya miaka 15, kidonge kilichopunguzwa, tarehe, vipimo, vyote ni mwandiko wa mzee. Nimejiuliza ingekuwaje ukimpelekea zile karatasi wewe mwenyewe na kumwambia, "Mzee, mwenzako ameona hivi, nisaidie kuyafuatilia." Inawezekana akakasirika. Inawezekana pia akavua miwani, akakumbuka mgonjwa mmoja wa zamani. Wewe unamjua, mimi simjui.

Kwa mkeo nitasema kidogo tu, kwa sababu nadhani hapa unajificha nyuma ya pazia lisilofika chini. Mito mitatu, kaka yangu. Mtu anayelala kando yako ameihesabu. Anajua unaamka mara ngapi, na huenda anasikia hatua zako zinapokoma kwenye ngazi. Hofu unayotaka kumkinga nayo pengine anayo tayari, ila anaibeba peke yake, nawe unaibeba peke yako, chini ya shuka moja.

Watoto. Ikiwa itathibitika kwamba ni transithairetini, hapo ndipo kipimo cha jeni kinaingia. Kuna badiliko moja la jeni hii linaloonekana zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika; miongoni mwa Wamarekani weusi hubebwa na watu 3 hadi 4 katika kila 100. Mzazi akiwa nalo, kila mtoto ana nafasi moja kati ya mbili ya kulirithi. Lakini kulibeba si kuugua. Wapo wanaozeeka nalo bila moyo wao kusumbuka, na wanaougua kwa kawaida huanza baada ya miaka 60. Kwa hiyo binti yako wa miaka 33, hata kama angekuwa amelirithi, hangekuwa anakwenda kwenye ndoa akiwa mgonjwa. Angekuwa na jambo la kumwambia daktari wake miaka ijayo.

Dada anasema ukipima utawatia doa. Nimelifikiria sana neno hilo, kwa sababu ninaamini amelisema kwa upendo, na amemzika kaka mmoja tayari. Ila jeni haitoki kwenye kipimo. Kama ipo, ilipita siku mlipozaliwa, nyinyi na wao. Kinachotoka kwenye kipimo ni habari, na habari kweli inaweza kuumiza. Mchumba anaweza kurudi nyuma, bima zinaweza kuuliza maswali, mtoto mmoja akataka kujua na mwingine asitake kabisa, na wote wawili wakawa na haki. Ndiyo maana panapopimwa jeni kwa utaratibu mzuri, mtu huketi kwanza na mshauri wa mambo ya urithi. Hilo unaweza kuliomba, na unaweza kusema bado.

Nimejiuliza kama dada yako anaogopa doa, au anaogopa kuambiwa kwamba kwa kaka yenu kulikuwa na kitu kingeweza kuonekana. Sijui. Labda siku moja utamuuliza, ukiwa naye peke yake kama ulivyokuwa mwanzo.

Kuna mambo ambayo hata sitakushauri ufikirie kwanza. Ukizimia, au pumzi ikakubana ukiwa umekaa tu, au kifua kikauma, au uso na mkono wa upande mmoja vikalegea, au maneno yakawa mazito mdomoni, hiyo ni hospitali saa ile ile, bila kungoja barua ya mtu. Na ukienda popote, chukua karatasi uandike kwa mpangilio wa miaka kama ulivyoniandikia mimi: mkono wa kulia, wa kushoto, msuli, kizunguzungu, vidato. Tafuta na karatasi za hospitali za marehemu, kama mjane wake bado anazo.

Nimemwacha mwishoni yule aliyekuita baba mdogo. Unadhani ili umwambie kitu ni lazima kwanza uwe na majibu yote, jina la ugonjwa, jeni, na kibali cha dada. Huenda ganzi yake ni ganzi tu, ana miaka 44 na watu wengi wa umri wake wanayo. Lakini kuna jambo moja ambalo ni lake tangu zamani na pengine hajawahi kulifikiria: kwamba baba yake alipasuliwa mikono yote miwili, na kwamba wewe pia. Mtu anaweza kuambiwa hivyo na baba yake mdogo wakiwa wameketi, na kuombwa ayataje siku akienda kumwona daktari kwa ajili ya mkono wake. Hakuna jeni ndani ya sentensi hiyo, na haihitaji ufungue droo. Sijui kama utakuwa tayari kuisema, wala ni lini. Ukiisema, niandikie uniambie alikujibu nini.

Dada yako,
Mshauri